Mume wa Mgonjwa wa Dirishani

Benchi letu lilikuwa mali ya hospitali. Lilipovunjika mguu likatupwa nje ya ukuta, Redio akaliokota, akalifunga kipande cha bomba la maji mahali pa mguu, na tangu hapo liko ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, ubavuni mwa jiko langu la kahawa. Ukikaa upande mmoja unaona geti na mlinzi wake. Ukikaa upande wa pili unaona madirisha ya ghorofani, wodi ya wanawake. Wengi wanaokaa hapa walikuja kumsubiri mgonjwa. Mgonjwa akapona, akarudi kwake, wao wakabaki. Sijui wanasubiri nini. Mimi nawauzia kahawa, nawasikiliza, na siku nyingine natamani kuwamwagia.

Niwataje mapema ili tusichanganyane. Redio ni fundi redio, na kwa kuwa kutwa anasikiliza taarifa za dunia nzima, hakuna jambo asilolijua nusu. Wakili hakusoma sheria. Aliuza bahasha na kalamu nje ya mahakama mpaka maneno ya ndani yakamwingia, na tangu hapo hayajamtoka. Bi Mashuka alifua mashuka ya hospitali hiyo hiyo mpaka akastaafu, naye anaizungumzia kama mke aliyeachwa anavyoizungumzia nyumba ya mumewe. Na kuna huyu tunayemwita Kimya. Kimya ni fundi viatu. Alifika hapa siku mkewe alipolazwa, akakaa asubuhi mpaka jioni bila kutamka zaidi ya "ahsante", Redio akambatiza papo hapo.

Siku ninayoisimulia alasiri ilikuwa imeshaingia. Kimya alikuwa kwenye kona yake, ile ya kutazama madirisha, kikombe mkononi na kahawa imepoa.

— Umemwona leo? Bi Mashuka alimuuliza.

— Nimeona pazia.

— Pazia limefanyaje?

— Limetikisika. Labda upepo.

— Na nyumbani je? Redio akadakia. Unapika mwenyewe?

— Nyumbani kumekuwa kukubwa, Kimya akasema. Jana nimeingia na viatu mpaka chumbani. Nikasimama pale, nikawa nasubiri.

— Unasubiri nini?

— Kugombezwa.

Nami nilikuwa na wa kunigombeza zamani, kwa hiyo niligeuka nikachochea makaa ambayo hayakuwa na haja ya kuchochewa.

Mkewe huyo, kwa jinsi tulivyoelezwa kidogo kidogo, ndiye mdomo wa nyumba ile. Sokoni anapatana yeye. Kwa mwenye nyumba anakwenda yeye. Shuleni kwa watoto yeye. Kimya mwenyewe alituambia kwamba hata watu wakimsalimu yeye njiani, mkewe ndiye anayeitikia. Sasa mama huyo kafanyiwa operesheni ya koo, na daktari kakataza asitoe sauti mpaka kidonda cha ndani kipoe. Hata kunong'ona marufuku. Kwa hiyo Kimya akienda kumwona wanatazamana tu, mmoja hawezi kusema na mwingine hajazoea.

— Haya, acha hayo ya viatu, Wakili akasema. Tupe ripoti ya asubuhi. Nesi ulimwambia?

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Jana yake jioni nesi alimwambia Kimya kwamba kidonda cha mkewe kimeanza kutoa usaha, daktari ameagiza sindano mpya, na itaanza kesho yake. Kimya akaitikia, akaenda zake. Kufika nyumbani ndipo akakumbuka kwamba zamani, mkewe akinyonyesha mtoto wao wa kwanza, alichomwa sindano kwenye zahanati moja akavimba, nusura afe. Sindano gani, hajui. Asubuhi na mapema alikuja kutuambia, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, roho ikiwa juu. Na benchi likamshauri. Likamwambia nesi ni binadamu, anachoka, anatukanwa kutwa, kwa hiyo aingie kwa adabu: kwanza salamu, kisha shukrani, kisha lile jambo alipenyeze taratibu. Akaenda na ushauri huo.

— Ulianza na salamu? Bi Mashuka aliuliza.

— Nilianza na salamu.

— Za watoto?

— Za watoto, za mama yake, za usingizi, za kazi.

— Na shukrani?

— Nikamshukuru kwa kumgeuza mke wangu ubavu. Nikamshukuru kwa dripu. Kwa shuka safi.

Bi Mashuka akainamisha kichwa kidogo, kama aliyeshukuriwa yeye.

— Nikamshukuru kwa kumpa kitanda cha dirishani. Nikamshukuru kwa moyo wake.

— Safi kabisa! Halafu?

— Halafu akafurahi. Machozi yakamlengalenga. Akasema tangu aanze kazi hajashukuriwa hivyo.

— Halafu?

— Kengele ya kutoka ikalia, hata kitandani sijafika.

— Sasa lile jambo?

Kimya alitazama ndani ya kikombe.

— Sikuona pa kuliweka. Mtu analia kwa furaha, nitamwambiaje kwamba anataka kumuua mke wangu?

Niliweka birika chini. Niliuliza kama sindano bado ni leo. Akasema ni leo. Niliuliza saa ya kuona wagonjwa ni lini tena. Akasema jioni. Nikamwambia basi vuka barabara sasa hivi, gonga geti, useme.

— Nje ya saa? Bi Mashuka akashtuka kana kwamba nimemtuma akaibe. Mama Kahawa, wewe unaijua kahawa. Hospitali niachie mimi. Ndugu msumbufu anajulikana mle ndani mpaka kwa dobi!

— Anajulikanaje?

— Kwa shuka. Mgonjwa wake anapewa lenye kiraka. Ukiona kiraka, ujue nduguye ana mdomo.

— Kiraka hakiui mtu, nikasema.

— Hicho ndicho cha kwanza. Akiendelea kusema, mgonjwa anahamishiwa kitanda cha mlango wa choo. Akizidi, anahamishiwa kile kisicho na namba.

— Kuna kitanda kisicho na namba? Kimya aliuliza, na sauti yake ilinikera jinsi ilivyoamini.

— Kipo. Daktari akipita na wenzake anakiruka. Si kwamba ana roho mbaya, hapana. Hakioni tu.

Wakili alikuwa anangoja zamu yake, ametoa miwani na kuifuta, ingawa tunajua ile miwani ni ya kusomea na hapakuwa na cha kusoma.

— Hayo ya mashuka ni madogo, alisema. Tuangalie upande wa sheria. Raia wa kawaida akitamka neno "dawa" mbele ya nesi, kwa maana ya kuikataa au kuihoji, tayari ameshaingia kwenye kazi ya udaktari. Anatibu bila leseni.

— Kifungu gani hicho? Redio akauliza.

— Kipo.

— Nauliza kifungu gani.

— Nimeshakwambia kipo. Na kuna kubwa zaidi. Tuseme amesema, wamemsikia, wameiacha ile sindano. Kidonda kikaoza. Nani kaozesha kidonda? Daktari atanawa mikono, atasema mimi niliagiza, mume akakataa.

Neno hilo lilimpata Kimya pale pale. Nilimwona akijikunyata.

— Ndilo linaloniogopesha, alisema. Nikikosea je? Ilikuwa zamani. Jina la sindano silijui, zahanati yenyewe tulikuwa tunapita tu, tuko safarini. Yeye ndiye anayejua. Kila tulipokwenda kutibiwa alikuwa anawaambia mwenyewe, hata kabla hawajamuuliza. Mimi nilikuwa nashika mkoba.

— Basi hata hapa atakuwa aliwaambia siku aliyolazwa, Redio akasema.

— Labda.

— Ulikuwepo?

— Nilikuwa nje, nimeshika mkoba.

— Si aandike? Wakili aliuliza. Mwanamke amesoma, mpe kalamu aandike.

— Mkono wa kuume una dripu, umefungiwa kibao usikunjike. Wa kushoto hata kijiko unamshinda.

Redio hapendi watu wakinyamaza, anaona kama stesheni imepotea.

— Jamani, mnajisumbua bure, alisema. Siku hizi hakuna haja ya kusema. Damu inasema yenyewe. Wakikutoa tone moja wakaliweka kwenye mashine, mashine inatoa kila kitu. Ulivyovimba, mwaka uliovimba, aliyekuchoma sindano amevaa nini.

— Acha zako! Wakili akasema.

— Nimesikia kwa masikio yangu, kipindi cha asubuhi. Wanajua tayari! Wamenyamaza wanakupima wewe. Wanataka kuona kama unaiamini mashine. Ukienda kubwabwaja getini, mashine inakuandama. Inasikia ile.

— Inasikia na masikio gani? nikamuuliza.

— Ya ndani kwa ndani.

Nilipandwa na hasira, sikuficha. Nilimwambia Redio kama mashine hiyo ilikuwepo siku shemeji alipovimba, basi ije ikae benchini itusimulie, na kama haikuwepo, anyamaze amwache aliyekuwepo aseme. Nikamgeukia Kimya. Nikamwambia hebu tuambie vizuri ilikuwaje, maana asubuhi umesema "alivimba" ukaishia hapo.

Alivyozungumza alikuwa anatazama dirisha.

— Tulitoka zahanati, hatujafika hata mwisho wa barabara. Akaniambia midomo inamwasha. Nikamwona midomo inakua. Ikawa si yake. Macho yakafumba. Halafu nikasikia anakoroma, nikadhani kalala wima. Alikuwa macho. Pumzi ndiyo iliyokuwa haipiti. Nikambeba mgongoni, mtoto nikamfunga kifuani, nikakimbia nao kurudi. Yule tabibu alipomwona aliangusha kikombe. Alimpa dawa nyingine, akakaa naye mpaka akafungua macho. Aliniambia ungechelewa kidogo ungerudi na mtoto tu.

Akanywa kahawa yake baridi.

— Alipopata sauti, neno la kwanza alinigombeza. Kwamba mtoto nimemfunga vibaya.

Bi Mashuka alijipangusa jicho kwa ncha ya nguo. Nilidhani hapo mambo yamekwisha, kwamba sasa watasema inuka twende. Wapi. Alipomaliza kujipangusa alikunja mikono ya gauni.

— Tumfanyishe mazoezi, alisema. Jioni asiparaganyike tena. Mimi ni nesi. Wewe umeingia. Sema.

Kimya alisimama. Mtu mzima, mikono ina gundi ya viatu, amesimama mbele ya bibi wa dobi kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

— Habari za kazi, nesi.

— Nzuri, sema haraka, nina wagonjwa, Bi Mashuka akajibu kwa sauti ya puani.

— Mke wangu aliwahi kuchomwa sindano akavimba mpaka pumzi ikaziba. Sijui ni sindano gani. Naogopa hii mpya.

Nilitaka kupiga makofi. Fupi, imenyooka, hata mlevi angeelewa. Lakini Wakili alikuwa ameshanyoosha kidole.

— "Naogopa" iondoe. Ukisema unaogopa unamtuhumu.

— "Ikaziba" nayo ni nzito, Redio akasema. Inatisha watu. Pale kuna wagonjwa wengine wanasikia.

— Na usiseme hujui ni sindano gani, Wakili akaendelea. Unajidhoofisha. Mtu asiyejua anakwenda kusema nini?

— "Hii mpya" umeijuaje kama ni mpya? Bi Mashuka aliuliza, amesahau kwamba yeye ni nesi. Watatafuta aliyekwambia. Utamponza yule binti wa watu.

— "Akavimba" je? Kimya akauliza. Niiache?

Wakatazamana.

— Sema "alipata hali", Wakili akaamua.

Katikati ya hayo nesi mmoja wa wodi nyingine alitoka getini na sare yake, akavuka barabara kwenda dukani kununua vocha, akapita mbele yetu kabisa. Benchi zima likakauka. Halafu wote kwa pamoja, kama wanaimba: "Habari za kazi, nesi!" Akasema nzuri, akatabasamu. Akanunua vocha yake, akarudi, tukamsalimu tena. Alipoingia ndani wakashusha pumzi, wakaendelea na mazoezi ya jinsi ya kuzungumza na nesi.

Walipomaliza kuchuja, sentensi ilikuwa hivi, na Kimya alifundishwa aikariri: "Nesi, naomba kuulizia kama kuna uwezekano wa kupata ufafanuzi kuhusu jambo fulani."

— Imetulia, Wakili akasema.

— Haimkwazi mtu, Redio akasema.

— Hata mimi ningelikuwa nesi ningempa kiti, Bi Mashuka akasema.

— Jambo gani? niliuliza.

— Hilo ataliuliza nesi akitaka, Wakili akasema.

— Na asipotaka? Shemeji yuko wapi humo kwenye hiyo sentensi? Mimi simwoni!

Kimya alikuwa ameketi tena, midomo inacheza taratibu, "uwezekano wa kupata ufafanuzi", "uwezekano wa kupata ufafanuzi", na macho yako kule juu. Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia kidogo. Anamtaka mkewe arudi nyumbani amgombeze, hicho tu, na amekaa anakariri.

Ndipo mama mmoja akatoka getini. Alikuwa ameshika beseni lenye vitu vyake, khanga na kikombe na kandambili, anatembea kwa uangalifu, mkono mmoja tumboni. Akavuka, akaomba pa kukaa wakati anamsubiri mwanawe aje kumchukua. Kimya alimpisha akasimama pembeni.

— Umeruhusiwa, mama? Bi Mashuka alimuuliza.

— Nimeruhusiwa, nashukuru. Nilikuwa hapo juu, wodi ya wanawake. Nipe kahawa, mwanangu, lakini isiwe kali.

Kimya aligeuka.

— Mama, samahani. Kuna mgonjwa kitanda cha dirishani.

— Yule wa koo? Jirani yangu! Mama akacheka kidogo, akajishika tumbo. Basi wewe ndiye. Ndiyo maana. Anajivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, anasukuma pazia kwa mkono wa kushoto, anachungulia huku. Tunamwambia lala, hataki. Nikasema huko nje kuna nini? Kumbe ni wewe.

Kimya akalitazama tena lile dirisha.

— Ila leo maskini ana kiu ya ajabu, yule mama akaendelea, anapuliza kikombe. Tangu daktari alipopita akataja hiyo sindano yake. Kila nesi akipita anamkamata mkono, anajigusa midomo. Anapewa maji. Akimaliza anajigusa tena. Mimi mwenyewe nimemnywesha mpaka nikaogopa. Anakunywa kwa sababu tunamlazimisha, halafu anatikisa kichwa, anajigusa midomo, machozi yanamtoka. Nimemwacha analia. Hivi huyu mwenzako anataka nini? Kuna kitu amezoea kunywa?

Nikamtazama Wakili. Wakili akatazama chini. Redio alizima redio yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mwenyewe.

Kimya aliweka kikombe kwenye sinia yangu bila kuangalia, kikaanguka, kahawa ikamwagika mpaka kwenye makaa. Alikuwa ameshavuka barabara. Pikipiki ilimpigia honi, hakugeuka.

— Bado saa, mzee, tulimsikia mlinzi. Jioni.

Na hapo ndipo tuliposikia sauti ya Kimya. Sikujua mtu yule ana kifua kile. Hakusalimu, hakushukuru, hakuomba ufafanuzi wowote.

— Mke wangu hana kiu! Mke wangu alivimba midomo! Alichomwa sindano akavimba akakosa pumzi, na leo mnataka kumchoma, na sijui kama ni ile ile! Sijui! Msimchome kwanza! Niitie nesi, au niache nipite, msimchome!

Watu waliokuwa wanapita walisimama. Madirishani vichwa vikatokeza. Mlinzi alibaki amemkodolea macho, halafu akafanya kitu ambacho Bi Mashuka ameapa hajawahi kukiona katika miaka yake yote ya kufua. Alifungua geti nje ya saa, akamwambia pita, kimbia, mimi napiga simu juu.

Tukabaki. Yule mama wa beseni alikuwa ameshika kikombe katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Alitutazama mmoja mmoja, akaelewa, akakirudisha kikombe kwenye sinia. Mwanawe alipofika alituaga kwa kichwa tu.

Kusubiri kule sitakusahau. Tumezoea kusubiri, ndiyo kazi ya benchi hili, lakini siku zote tunasubiri huku tunapiga domo. Safari hii kila mmoja alikuwa na macho yake kwenye lile dirisha. Bi Mashuka alikuwa anasali chini chini. Mimi nilikuwa naosha vikombe visafi. Nilimfikiria yule mwanamke ambaye sijapata kumwona, nilitamani ashuke ngazi zile kwa miguu yake, aje hapa, atugombeze wote kwa sauti.

Halafu pazia likafunguka, si kwa upepo. Tuliona bega la Kimya. Alikuwa ameketi kitandani, ubavuni mwa mtu ambaye hatukumwona vizuri, tuliona kitambaa cha kichwa na mkono wa kushoto umeng'ang'ania shati lake. Na Kimya alikuwa anazungumza. Kutoka huku chini hatukusikia hata neno moja, lakini mdomo ulikuwa hautulii, na mkono unakwenda huku na huku, kama wasemaji wanavyofanya.

— Anasema nini muda wote huo? Redio aliuliza.

— Mwache, nikasema. Anayo mengi.

Nesi alitoka jua likianza kulegea. Ni yule yule wa asubuhi, binti mdogo tu, macho mekundu. Alivuka moja kwa moja mpaka kwetu, na wote wakanyanyuka kidogo kama hakimu ameingia.

— Shikamooni. Kuna anayeijua ile zahanati aliyochomwa sindano zamani? Mzee haikumbuki.

Hatukuijua. Tukamwambia.

— Haidhuru. Daktari ameibadilisha dawa kwa tahadhari.

— Ile ilikuwa haijamwingia? nilimuuliza.

— Ilikuwa imeshachanganywa, iko kwenye sahani. Nilikuwa natembea nayo simu ya mlinzi ilipolia.

Akajitazama mkono.

— Alinikamata mkono tangu asubuhi. Nikampa maji. Alipolazwa sijui kama hakuulizwa au aliulizwa jibu likapotea, hilo tutalitafuta huko ndani, ni letu. Na mzee naye alikuja akanishukuru, nikafurahi, sikumuuliza hata amekuja na nini. Hilo ni langu mimi.

— Aliogopa kukosea, Wakili akasema. Kwa sauti ndogo, si ile yake ya mahakamani.

— Akosee. Kuhakikisha ni kazi yetu. Nikiambiwa na ikawa si kweli, nimepoteza nini? Nisipoambiwa nifanyeje?

Wakili akatikisa kichwa kukubali. Nesi aligeuka akaitazama barabara, halafu akatugeukia tena.

— Lakini mzee ananiambia aliwaeleza ninyi asubuhi na mapema. Wote.

— Alitueleza, Bi Mashuka akasema.

— Na geti liko hapo, na mlinzi mnamjua kwa sura. Sasa nauliza tu, wazazi wangu, si kwa ubaya. Kwa nini hakuna aliyevuka barabara?

Hakuwa anatugombeza. Alisimama pale anasubiri jibu, kwa sababu kweli alitaka kujua, labda ili akalifikirie zamu ijayo mgonjwa mwingine akimkamata mkono. Wakili akatoa miwani akaifuta tena. Redio aliinama kulitazama lile bomba la mguu wa benchi kama anayetaka kulikaza. Bi Mashuka alisogea, akampisha nafasi ya kukaa, nesi hakukaa. Nami, ili mikono ipate kazi, nilichukua kikombe nimtilie kahawa. Nikainamisha birika, nikaiinamisha zaidi, yakatoka mashapo.